Kabla ya Rodri kutaja mgomo, Meredith alishaikomalia FA

SEPTEMBA 2024 kiungo wa Manchester City, Rodri, aliulizwa na waandishi wa habari kama wachezaji wanakaribia kugoma kutokana na wingi wa mechi. Hakumung'unya maneno. Alijibu kuwa wamekaribia, na kwamba mambo yakiendelea hivi, wachezaji watafika mahali hawana njia nyingine. Msimu uliokuwa umepita alikuwa amecheza mechi zaidi ya 60, klabu na timu ya taifa ya Hispania zikijumlishwa.

Siku tano baadaye, dhidi ya Arsenal pale Etihad, akadondoka chini ameshika goti. Vipimo vikaonyesha ligamenti ya goti imechanika. Mwezi uliofuata alipokwenda Paris kuchukua Ballon d'Or, alipanda jukwaani kwa magongo.

Mitandaoni na vijiweni, mashabiki wakagawanyika. Wapo waliomuonea huruma. Wapo waliouliza swali ambalo huulizwa kila mchezaji anapolalamika: mtu anayelipwa mabilioni kwa kupiga mpira anagoma nini? Kuna watu wanabeba zege juani kutwa nzima, mbona hawagomi?

Swali hilo si jipya, na kwa Manchester ni la zamani kweli kweli. Liliulizwa mwaka 1909 kwa maneno karibu yale yale, na aliyeulizwa alikuwa winga mmoja wa kulia kutoka Wales, mtu aliyecheza City, akacheza United, akarudi City, na katikati ya safari hiyo akavuruga mahesabu ya vigogo wa soka la England. Jina lake Billy Meredith. Ukiifuatilia kazi yake ya miaka 30 uwanjani, unaielewa vizuri zaidi vita ya leo kati ya wachezaji na FIFA. Unaelewa pia kwa nini vita hiyo ni ngumu kushinda.

MTOTO WA MGODINI

Meredith alizaliwa Julai 30, 1874 huko Chirk, mji mdogo kaskazini mwa Wales, jirani kabisa na mpaka wa England. Chirk ya wakati ule ilikuwa makaa ya mawe na mpira. Akiwa na miaka 12 tu aliingia mgodini, akifanya kazi ya kuongoza farasi wadogo waliovuta mabehewa ya makaa chini ya ardhi.

Mpira aliupata kijijini hapo hapo, chini ya mwalimu wa shule aliyeitwa T.E. Thomas, mzee aliyetoa wachezaji wengi wa timu ya taifa ya Wales kutoka kwenye kijiji kimoja. Mwaka 1894 Chirk wakabeba Kombe la Wales na Meredith akiwemo kikosini. Wakati huo alikuwa pia anakipiga Northwich Victoria, timu ya Daraja la Pili upande wa England.

Oktoba 1894 Manchester City wakaja kumchukua. Inaelezwa kuwa mama yake hakuifurahia kabisa safari hiyo. Kwake yeye mpira ulikuwa mchezo, na kazi ilikuwa ile ya mgodini, hata kama ilikuwa inaua watu. Meredith alimsikiliza kwa kiasi chake: kwa muda baada ya kusajiliwa City aliendelea kushuka mgodini na kupanda treni kwenda Manchester siku za mechi.

Uwanjani ilikuwa habari nyingine. Alikuwa mwembamba, miguu imepinda kidogo, anatembea na kijiti cha meno mdomoni hata mpira ukichezwa. Alikaa pembeni kabisa ya mstari, akimpita beki anapiga krosi, na akiona kipa amezubaa anafunga mwenyewe. Msimu wa 1898/99 City walipopanda daraja, winga huyo alifunga mabao karibu 30 ya ligi. Winga, siyo straika. Mashabiki wakampa jina la Mchawi wa Wales.

Kilele cha City yake kilikuwa Aprili 23, 1904 pale Crystal Palace, fainali ya Kombe la FA. City 1, Bolton Wanderers 0. Mfungaji Meredith, nahodha Meredith. Lilikuwa kombe kubwa la kwanza katika historia ya klabu hiyo, na msimu huo huo wakamaliza ligi wakiwa wa pili.

SHERIA YA PAUNI 4

Hapa ndipo lazima uijue sheria moja, la sivyo yote yaliyofuata hayaeleweki. Kuanzia mwaka 1901 FA ilipiga marufuku mchezaji yeyote kulipwa zaidi ya pauni 4 kwa wiki. Hakuna posho ya kushinda mechi. Pesa ya kusaini mkataba isizidi pauni 10. Haijalishi wewe ni supastaa anayejaza uwanja au ni beki wa akiba.

Juu ya hapo, klabu ilikuwa na haki ya kumzuia mchezaji hata mkataba wake ukiisha. Klabu ikikataa kukuachia, huendi popote. Unakaa, au unarudi mgodini.

Waliotetea sheria hiyo walikuwa na hoja yao, na haikuwa ya kijinga. Walisema bila kikomo, klabu tajiri za mijini zitanunua kila mtu na klabu ndogo zitakufa. Leo unaisikia hoja hiyo hiyo watu wakijadili sheria za matumizi ya fedha kwenye Ligi Kuu England.

Tatizo lilikuwa kwenye utekelezaji. Watu 30,000 wanalipa kiingilio kumuona Meredith, pesa inaingia mlangoni, halafu anayewaleta watu hao analipwa sawa na anayekaa benchi. Klabu zinazotaka ubingwa zikafanya kile ambacho kila mtu angetegemea. Zikalipa chini ya meza.

City walikuwa miongoni mwa hao. Baadaye Meredith mwenyewe alikuja kusema waziwazi kuwa siri ya mafanikio ya timu ile ilikuwa kutoijali sheria ya pauni 4.

PAUNI 10 ZA VILLA PARK

Aprili 29, 1905. Siku ya mwisho ya msimu. City wanakwenda Villa Park kucheza na Aston Villa wakiwa bado na matumaini ya ubingwa. Wakalala 3-2. Mechi ilikuwa ya vurugu, straika wa City Sandy Turnbull na nahodha wa Villa Alec Leake wakarushiana ngumi, na FA ikaunda tume kuchunguza ugomvi huo.

Tume ilipokuwa inachunguza ngumi ikakuta kitu kingine. Leake alisema kabla ya mechi Meredith alimfuata na kumuahidi pauni 10 ili Villa walegeze. Meredith akakana. FA haikumuamini. Agosti 1905 akafungiwa hadi Aprili mwaka uliofuata, msimu mzima.

Ukweli usemwe hapa bila kupaka mafuta. Kumhonga mpinzani ni kosa kubwa kwenye mpira, lilikuwa kosa wakati ule na ni kosa leo. Mashabiki wa Meredith wa miaka hiyo walijaribu kusema alikuwa anatania tu. Yeye mwenyewe baadaye akabadilisha maelezo, akadai kuwa wazo lilitoka kwa kocha wake, Tom Maley, na kwamba yeye alikuwa mjumbe. Vyovyote iwavyo, adhabu haikumuangukia mtu asiye na lolote.

Lakini kilichofuata ndicho kilichoifanya habari hii kuwa kubwa kuliko pauni 10. Akiwa kifungoni hana mshahara, Meredith alirudi klabuni kudai pesa. Kwa mtazamo wake alikuwa amejitwisha mzigo wa watu wengi na wenzake walipaswa kumtunza. Klabu ikaogopa. Ikamgeuka, ikamripoti FA.

Naye akafungua mdomo.

KIKOSI KIZIMA SOKONI

FA iliingia kwenye vitabu vya City, na ilichokikuta mwaka 1906 kilimaliza kizazi kizima cha klabu hiyo. Wachezaji 17 walikutwa wamelipwa zaidi ya kiwango. Wote wakafungiwa hadi Januari 1, 1907, wakapigwa faini ya jumla ya pauni 900, na wakakatazwa kuichezea City tena. Klabu ikapigwa faini ya pauni 250. Kocha Maley akafungiwa kwa muda usiojulikana, na wakurugenzi wakalazimika kuachia ngazi.

Angalia hesabu hizo tena. Klabu iliyotoa pesa, iliyopanga mpango na iliyochukua viingilio, imelipa 250. Wachezaji waliopokea wamelipa 900.

Mwishoni mwa 1906 wachezaji wa City wakapigwa mnada katika hoteli moja jijini Manchester, klabu mbalimbali zikija kuchagua. Waliowahi kuchukua nyama nono walikuwa jirani zao, Manchester United. Meredith walishamalizana naye mapema, wakawaongeza Turnbull, Herbert Burgess na Jimmy Bannister. Kwa shabiki wa Simba au Yanga si vigumu kupiga picha: fikiria nguzo nne za timu yako zinavuka barabara kwenda kwa mtani siku moja, na wewe huna la kufanya kwa sababu shirikisho ndilo limeamua.

Kifungo kiliisha Januari 1, 1907. Siku hiyo hiyo United walicheza na Aston Villa, wale wale wa Villa Park. Meredith akashuka pembeni, akamwaga krosi, Turnbull akaweka kambani. 1-0. Msimu uliofuata United wakawa mabingwa wa England kwa mara ya kwanza katika historia yao, na mwaka 1909 wakabeba Kombe la FA kwa bao la Turnbull dhidi ya Bristol City.

Kwa hiyo msingi wa ukubwa wa United umejengwa kwa sehemu kubwa na matofali yaliyobomolewa City. Ni jambo ambalo mashabiki wa Old Trafford hawapendi kukumbushwa.

KIFO CHA BLACKSTOCK

Aprili 1907 mchezaji wa United aitwaye Thomas Blackstock alianguka uwanjani katika mechi ya timu ya akiba dhidi ya St Helens, muda mfupi baada ya kupiga mpira wa kichwa. Alifariki. Uchunguzi ukasema ni kifo cha kawaida. Familia yake haikupata fidia.

Kwa Meredith, mtu aliyekulia mgodini, hili halikuwa jambo la kulimeza. Mgodini watu walikufa, lakini wachimbaji walikuwa na chama. Mfanyakazi akiumia kazini, chama kinasimama. Mchezaji akiumia, anachukuliwa kama mtu aliyekuwa anajifurahisha.

Desemba 2, 1907 Meredith na nahodha wake Charlie Roberts wakawaita wachezaji wa klabu mbalimbali katika Hoteli ya Imperial, Manchester. Hapo kikazaliwa chama cha wachezaji, ambacho leo kinaitwa PFA. Madai yao yalikuwa matatu makubwa: kikomo cha mshahara kiondolewe, mchezaji awe huru kuhama mkataba ukiisha, na anayeumia kazini alipwe fidia kama mfanyakazi mwingine.

Mwanzoni FA ilikikubali chama hicho. Ilipoona wachezaji wanataka kujiunga na shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa viwandani, wale wanaojua kugoma kwelikweli, ikabadilika. Kiangazi cha 1909 ikatoa amri: kila mchezaji ajitoe kwenye chama kabla ya Julai 1. Asiyejitoa, hakuna mpira na hakuna mshahara.

WALIOTUPWA NJE

Hapa ndipo habari inapowagusa kina Rodri moja kwa moja. Amri ilipotoka, wengi wakanywea. Klabu moja baada ya nyingine, wachezaji wakasaini karatasi za kujitoa. Si kwamba walikuwa waoga wa kuzaliwa. Walikuwa na wake, watoto na kodi ya nyumba, na mshahara wa kiangazi ulikuwa umesimamishwa.

Waliobaki ni wachezaji wa Manchester United. Mabingwa wa Kombe la FA, ambao wangeweza kusema wao mambo yao safi, walikataa kusaini. Wakafungiwa uwanja wao wa mazoezi. Wakaenda kufanya mazoezi Fallowfield, upande mwingine wa jiji, na wakapiga picha ya timu wakiwa na kibao chenye jina walilojipa: Outcasts FC, yaani timu ya waliotupwa nje. Tim Coleman wa Everton akajiunga nao.

Siku zikayoyoma. Septemba inakaribia, ligi inaanza, na mabingwa wa kombe hawana wachezaji. Klabu nyingine nazo zikaanza kuyumba, wachezaji wao waliosaini wakianza kujuta. Agosti 31, 1909, siku moja kabla ya msimu kuanza, FA ikalegeza kamba. Chama kitatambuliwa. Adhabu zitafutwa. Wachezaji watalipwa walichokuwa wanadai.

Inavyosimuliwa mara nyingi, habari huishia hapo kwa shangwe. Haikuishia hapo. Wachezaji wakatakiwa kuachana na shirikisho la wafanyakazi, na miezi michache baadaye wengi wao wakapiga kura kukubali. Kikomo cha mshahara kikabaki, kikapandishwa taratibu hadi pauni 5. Haki ya klabu kumzuia mchezaji ikabaki. Meredith hakuficha hasira yake. Aliona wenzake wamefika langoni halafu wakapiga mpira nje.

WA LEO WANAIPATAJE?

Sasa rudi kwenye ugomvi wa leo. Juni 2024 PFA, kile chama cha Hoteli ya Imperial, pamoja na wenzao wa Ufaransa, UNFP, walifungua shauri dhidi ya FIFA nchini Ubelgiji wakipinga kupangiwa Kombe la Dunia la Klabu la timu 32 bila kushirikishwa. Oktoba mwaka huo tawi la Ulaya la chama cha wachezaji duniani, FIFPRO, likaungana na ligi za Ulaya kupeleka malalamiko Tume ya Ulaya. Michuano ikachezwa hivyo hivyo Marekani, Juni na Julai 2025, Chelsea wakaitandika PSG 3-0 fainali.

Tofauti na 1909 iko wazi. Kina Meredith waligombania mkate. Kina Rodri mkate wanao, tena wenye siagi pande zote mbili. Wanachogombania ni mwili: siku ngapi za kupumzika, mechi ngapi kwa mwaka, nani anapanga. Ndiyo maana shabiki anayehangaika na nauli ya daladala anapata taabu kuwaonea huruma.

Lakini shabiki huyo anasahau watu wawili. Wa kwanza ni mchezaji asiye Rodri. Ratiba inayombana nyota mwenye kikosi cha watu 25 na madaktari wanane, inambana pia beki wa klabu ndogo anayesafiri kwa basi na kurudi uwanjani siku ya tatu. Blackstock hakuwa supastaa. Alikuwa mchezaji wa timu ya akiba. Chama kilianzishwa na nyota, ila mtu aliyekihitaji zaidi alikuwa yule ambaye jina lake halikuwa kwenye magazeti.

Wa pili ni shabiki mwenyewe. Analipia king'amuzi aone wachezaji bora wakiwa bora. Mechi zikiongezwa hadi Rodri anabaki jukwaani na magongo, anayeuziwa bidhaa pungufu ni yeye.

Kitu kingine ambacho 1909 inakifundisha ni kwamba vigogo wa soka hawasogezwi na mahojiano. FA ilisikia malalamiko ya pauni 4 kwa miaka minane na haikutikisika. Ilitikisika siku ilipohesabu kwamba ligi inaanza kesho na mabingwa wa kombe hawapo. Hadi leo wachezaji wakubwa wamesema mengi, mawakili wamefungua majalada, lakini hakuna kikosi hata kimoja cha timu kubwa kilichokataa kupanda ndege. FIFA inalijua hilo.

Na kuna somo la upande wa pili, ambalo halizungumzwi sana. Sheria ya fedha isiyofanana na hali halisi ya soko haimalizi pesa, inaificha. Februari 2023 Ligi Kuu England iliifungulia Manchester City mashtaka zaidi ya 100, mengine yakihusu tuhuma za kutoonyesha malipo kamili ya kocha na wachezaji kwenye vitabu vya miaka ya 2009 na kuendelea. City wamekana yote, na tuhuma si hukumu. Ila yeyote anayejua habari za 1906 hawezi kusoma orodha hiyo bila kumkumbuka Maley na winga wake. Klabu ile ile, swali lile lile: nani alilipwa nini, na kwa nini hakikuandikwa?

Maana yake si kwamba sheria zifutwe. Enzi za Meredith kikomo kilimuumiza mchezaji wa pauni 4, leo kanuni za fedha zinalenga wenye klabu, na hiyo ni hatua. Lakini ukaguzi ukifika, tazama nani analipa gharama. Mwaka 1906 hesabu ilikuwa 900 kwa 250. Hilo ndilo la kufuatilia kila hukumu ya aina hii inapotoka, iwe ya klabu gani.

MWISHO WA MCHAWI

Meredith aliendelea kucheza kana kwamba miaka haimhusu. Alikuwemo 1907 Wales walipobeba ubingwa wa mataifa ya Uingereza kwa mara ya kwanza. Alibeba ligi tena na United mwaka 1911. Vita ya kwanza ya dunia ikapita, ikamchukua Turnbull, aliyeuawa Ufaransa mwaka 1917.

Machi 15, 1920, pale Highbury, Wales waliifunga England 2-1. Meredith alikuwa uwanjani akiwa na miaka 45 na siku 229, mechi yake ya 48 na ya mwisho kwa taifa lake. Alikuwa ameanza kuichezea Wales mwaka 1895 na hakuwahi hata siku moja kuwa upande ulioifunga England. Angekuwa na mechi nyingi zaidi ya 48, lakini mara nyingi klabu zilikataa kumwachia. Wales hawakuwa na sauti. Klabu ndiyo iliyomiliki mchezaji.

Mwaka 1921 akarudi City. Machi 1924 akacheza nusu fainali ya Kombe la FA dhidi ya Newcastle, akiwa amebakiza miezi minne tu kutimiza miaka 50. City wakafungwa 2-0 na mzee akatundika daluga. Mechi yake ya kwanza kabisa akiwa na City, Oktoba 1894, ilikuwa dhidi ya Newcastle hao hao.

Alifariki Manchester Aprili 19, 1958, akiwa na miaka 83, wiki chache baada ya ajali ya ndege ya Munich, jiji lote likiwa bado kwenye msiba wa vijana wa United. Akazikwa kwenye kaburi lisilo na jiwe. Hakuwa na utajiri wa kuacha.

Januari 1961, hata miaka mitatu haijatimia tangu azikwe, chama chake kilitishia mgomo wa nchi nzima. Safari hii wachezaji hawakunywea, na kikomo cha mshahara, kilichokuwa kimefika pauni 20, kikafutwa. Muda mfupi baadaye Johnny Haynes wa Fulham akawa analipwa pauni 100 kwa wiki. Haki ya kuondoka bure mkataba ukiisha, dai la pili la Hoteli ya Imperial, ilisubiri hadi hukumu ya Bosman mwaka 1995.

Hesabu miaka. Tangu 1907 hadi 1961 ni miaka 54. Hadi Bosman ni 88. Waliokaa mkutano ule hawakuonja hata senti ya matokeo hayo. Rodri na wenzake wanaonja.

Mwaka 2001 kaburi la Meredith liliwekwa jiwe lenye jina lake. Waliochangia ni chama cha wachezaji, chama cha soka cha Wales, Manchester United na Manchester City. City, ile ile iliyomripoti.